SOMO: Oili ya Mashini Ndogo – Hesabu Masaa, Sio Miezi Pekee



Kikundi kimoja cha akina mama kilichanga pesa karibu miaka miwili kununua pampu ya kunyunyizia mboga. Fundi akawaambia, "Badilisheni oili kila miezi sita." Wakashika hilo neno. Kiangazi kilipokuja pampu ilifanya kazi asubuhi na jioni, na kabla ya hiyo miezi sita kuisha injini ikakwama kabisa. Vijana wawili walivuta kamba, wapi! Sukuma wiki yote ikakaukia shambani.

Fundi hakuwadanganya, ila alisema nusu ya maneno. Chukua injini ya petroli aina ya Honda GX160, ambayo iko kwenye pampu nyingi. Kitabu chake kinasema: kila miezi 6 au kila masaa 100 ya kazi, lolote litakalotangulia. Pampu ikienda masaa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, masaa 100 yanaisha kwa wiki 5 tu! Injini mpya ni mapema zaidi, masaa 20 ya kwanza, kwa maana vyuma vipya vikisuguana huacha unga ndani.

Mashini hii haina maji wala rediata. Feni hupuliza hewa kwenye mapezi ya chuma yanayozunguka silinda, na oili nayo husaidia kubeba joto. Hiyo oili ni kidogo sana, kama lita 0.6, na hakuna filta ya kuichuja. Kijiko kidogo ndani huirusha tu juu ya vyuma. Basi uchafu wote hubaki humo humo mpaka uumwage. Injini zingine hujizima zenyewe oili ikipungua, lakini kifaa hicho hakijui kama oili ni chafu.

Kubadilisha si kazi kubwa. Washa injini dakika chache ipate joto, kisha uzime na ufunge petroli. Oili yenye moto kiasi hutoka haraka pamoja na uchafu wake. Weka karai chini, fungua kifuniko cha oili halafu boliti ya chini, na uache itiririke yote. Rudisha boliti na washa yake, kaza. Sasa simamisha mashini mahali sawa, isiinamie upande, na utie oili mpya mpaka ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu. Tumia oili ya injini iliyoandikwa 10W-30. Ile ya kuchanganya na petroli haifai hapa. Na usijaze kupita kiasi ukidhani unaisaidia, itatoa moshi.

Ukiwa hapo hapo, chukua brashi usafishe yale mapezi. Vumbi, majani na mafuta yakigandana hapo, ni kama kuivalisha injini blanketi. Sponji ya kuchuja hewa ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikauke, ichovywe kwenye oili safi na kukamuliwa vizuri. Ile ya karatasi haioshwi. Igongegonge taratibu vumbi litoke, na ikichakaa nunua nyingine. Penye vumbi jingi usingoje.

Oili chafu usimwage karibu na kisima wala mto, na msiwapake mifugo wenye vidonda. Iwekeni kwenye mtungi wenye kifuniko, mbali na watoto, na mnawe mikono kwa sabuni.

Kwa mazungumzo ya kikundi:

Je, pampu yetu imefanya kazi masaa mangapi tangu oili ibadilishwe? Nani atashika daftari la masaa, na akisafiri litashikwa na nani? Pesa za oili ya mara ijayo ziko kwa mweka hazina, au tutaanza kuchangishana siku hiyo?