Kufifisha Mng'ao wa Mguu Bandia wa Nyuzi za Kaboni

Mguu bandia uliotengenezwa kwa nyuzi za kaboni hutoka karakana uking'aa kama kioo. Wapo wagonjwa wanaopendezwa na mng'ao huo. Wengine huuchukia, kwa kuwa juani huvuta macho ya wapita njia kabla mwenyewe hajasalimiwa. Ombi la kuufifisha si anasa. Mgonjwa akipuuzwa, huenda akaifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani kwa msasa mkavu, na hapo ndipo madhara huanzia.

Mng'ao hautokani na kaboni, bali na resini, kama vile epoksi, inayozishikamanisha nyuzi. Uso laini hurudisha mwanga upande mmoja. Uso wenye mikwaruzo midogo huutawanya, nao huonekana umefifia. Kwa hiyo fundi huulowesha uso, akausugua kwa mkono mwepesi kwa msasa wa maji namba 400 au 600, kisha 800, pengine 1000. Maji huzuia vumbi lisipeperuke na kuwasha macho, koo na ngozi.

Jambo la kuchunga zaidi ni kina. Resini iliyo juu ya nyuzi huwa nyembamba mno. Maji ya msasa yanapokuwa meupe kama maziwa, kinachokwaruzwa ni resini tu. Yakigeuka meusi, nyuzi zimefikiwa, na kazi ikome hapo hapo. Nyuzi zilizokatwa hudhoofisha ukuta wa mguu, na ncha zake huchoma kama miiba. Mgonjwa wa kisukari ambaye ngozi yake imepoteza hisia hatazisikia. Kidonda ndicho kitakachomwarifu. Kwa sababu hiyo upande wa ndani wa soketi, pamoja na mdomo wake, haukwaruzwi kamwe kwa ajili ya urembo.

Njia ya pili ni kupaka vanishi isiyong'aa, ambayo kwa kawaida huchanganywa na unga laini wa silika. Ina faida ya ziada: ikiwa imetengenezwa kuzuia miale ya urujuanimno, huikinga epoksi isiharibiwe na jua. Hata hivyo, vanishi nyingi za poliurethani zenye sehemu mbili zina isosianeti, kemikali inayoweza kusababisha pumu kwa mpulizaji. Barakoa ya kitambaa haimkingi. Huhitaji kifaa cha kupumulia kinachofaa kemikali hiyo na chumba chenye mfumo wa kuondoa hewa chafu.

Uso uliofifishwa hushika uchafu na mafuta ya mikono upesi. Usafishwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni isiyo kali. Nta iepukwe, kwani hurudisha mng'ao.

Mgonjwa akifika kliniki na mguu aliousugua mwenyewe, mhudumu apitishe pamba polepole juu ya uso wote na kuzunguka mdomo wa soketi. Pamba ikinasa, mguu usivaliwe tena mpaka fundi aukague, na ngozi ya kigutu ichunguzwe siku hiyo hiyo.