Visanamu vya Wanawake vya Udongo: Ushahidi na Tafsiri

Maswali kuhusu imani za watu wa kale huwaangusha watahiniwa wengi. Si kwamba hawana habari, bali huandika tafsiri kana kwamba ni ushahidi. Chukua mfano huu.

Mwaka 1961 mwanaakiolojia James Mellaart alikuwa akichimba Çatalhöyük, makazi makubwa ya wakulima wa Zama Mpya za Mawe nchini Uturuki. Ndani ya kihenge cha nafaka alikuta kisanamu cha udongo cha takribani mwaka 6000 KK. Kinaonyesha mwanamke mnene ameketi, mikono yake ikiwa juu ya wanyama wawili wa jamii ya paka. Kichwa kilikuwa hakipo. Kile unachokiona kwenye picha za vitabuni kiliongezwa baadaye.

Hadi hapo ni ushahidi. Tafsiri inaanza Mellaart aliposema huyu ni Mungu Mama: matiti na tumbo ni uzazi, kihenge ni mavuno, wanyama ni mamlaka. Ni hoja yenye nguvu, nawe uifahamu. Lakini kuanzia 1993, uchimbaji ulioongozwa na Ian Hodder uliitia mashaka. Visanamu vingi vilitoka majalalani, vimechanganyika na taka za nyumbani, na vingi ni vya wanyama. Je, mtu hutupa mungu wake jalalani? Labda vilitupwa baada ya ibada kwisha; hiyo nayo ni tafsiri.

Kimoja kinastahili kukumbukwa zaidi. Mbele ni mwanamke mwenye matiti na tumbo kubwa. Kigeuze, nyuma unaona mbavu na uti wa mgongo, kama maiti iliyobaki mifupa. Aliyekifinyanga aliweka uhai na kifo katika donge moja. Mtahiniwa anayejibu “rutuba” tu atakuwa ameacha nusu ya kisanamu.

Usiseme pia kwamba kilimo ndicho kilicholeta visanamu hivi. Kile cha Dolní Věstonice, Jamhuri ya Cheki, kilichomwa motoni zaidi ya miaka 25,000 iliyopita na watu walioishi kwa kuwinda.

Zoezi: “Visanamu vya Çatalhöyük vinathibitisha kuwa wakazi wake walimwabudu mungu wa kike.” Jadili. (Alama 15)

Dokezo: anza na neno “vinathibitisha”.