SOMO: KUUZA VITU VISIVYOTUMIKA KWA MNADA WA MTANDAONI

Katika maghala ya vyama vingi vya msingi hukaa vitu visivyofanya kazi tena: mizani ya zamani, injini ya mashine ya kusaga, mabati yaliyovuliwa paani. Vitu hivyo vimeshika kutu, lakini bado ni mali ya wanachama. Kuviacha vioze ni hasara. Kuviuza gizani kwa jamaa wa kiongozi ni hasara kubwa zaidi, kwani chama hupoteza fedha na imani ya watu wake pia.

Mnada wa mtandaoni si jambo geni katika ushirika. Msimu wa 2024/2025 korosho za wakulima wa kusini ziliuzwa kwa njia hiyo kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Huko Marekani, tovuti ambayo baadaye iliitwa eBay ilianzishwa na Pierre Omidyar mwaka 1995. Kitu cha kwanza kuuzwa humo kilikuwa kurunzi ndogo ya leza iliyoharibika, nayo ilipata dola 14.83. Kisichomfaa mmoja humfaa mwingine, mradi ukweli wake usemwe.

Chama cha Kisorya, au cha mahali pengine, kinachotaka kuanza kifuate hatua hizi:

1. Idhini. Bodi ilinganishe vitu na daftari la mali, kisha ipeleke orodha mbele ya mkutano mkuu. Uamuzi uandikwe katika kumbukumbu. Ardhi na majengo visiguswe kabla ya kumwona Mrajis Msaidizi. Dawa za pamba zilizopitwa na muda na makopo yake visiuzwe kamwe, kwani ni sumu.

2. Maelezo. Picha zipigwe pande zote, hata palipopasuka. Kasoro iliyofichwa huzaa ugomvi siku ya makabidhiano.

3. Bei na muda. Itajwe bei ya kuanzia pamoja na siku na saa ya kufunga. Wajumbe wa Bodi na watumishi wasishiriki kupandisha dau.

4. Usafiri. Itamkwe mapema nani atalipia. Mnunuzi wa Ukerewe aweza kuvusha mzigo kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi. Wa mbali atahitaji gari.

5. Malipo. Fedha ziingie katika akaunti ya chama, wala si katika simu ya kiongozi. Ujumbe wa simu si fedha: salio litazamwe kwanza, ndipo mali itoke na stakabadhi iandikwe.

Hesabu ifanywe kabla ya kuamua. Chukuliwe mfano wa injini ambayo mnunuzi wa kijijini ameitolea Sh. 250,000 taslimu. Mtandaoni dau la juu ni Sh. 340,000. Ikitolewa ada ya Sh. 17,000 na usafiri wa Sh. 40,000, hubaki Sh. 283,000, yaani faida ya Sh. 33,000. Lakini usafiri ukifika Sh. 80,000, hubaki Sh. 243,000, na hapo mnunuzi wa jirani ndiye bora.

Maswali ya majadiliano:

(a) Ni vitu gani vya chama chenu vilivyomo katika daftari lakini havitumiki?

(b) Kwa nini mjumbe wa Bodi asishiriki mnada wa mali ya chama chake?

(c) Katika mfano uliotolewa, usafiri ukiwa Sh. 60,000, chama kimuuzie nani?