Ndani na Nje: Imani Katika Kazi ya Mikono

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 6:14, Kutoka 25:10–16, 31:1–18, 35:30–35, 36:2–7, 38:24–28, Ayubu 12:7–10, Mithali 6:6–8, 11:1, Mathayo 11:28–30, Marko 6:3, Wakolosai 3:22–24.

Fungu la Kukariri: Wakolosai 3:23. Lifungueni katika Biblia zenu, mlisome kwa pamoja, na kila mmoja alikariri hadi Sabato ijayo.

Juma hili wengi wetu tutakuwa kazini kwa saa nyingi kuliko zile tutakazokuwa kanisani. Mmoja ataketi nyuma ya cherehani, mwingine atapanda juu ya ukuta na mwiko mkononi, mwingine atakuwa jikoni, shambani, au amelala chini ya gari lililoharibika. Je, saa hizo zina uhusiano wowote na imani yetu, au imani inatungoja hadi Sabato?

Paulo aliandika fungu letu la kukariri akiwaelekea watumwa. Hao walikuwa watu ambao kazi yao haikusifiwa, wala hawakuichagua. Hata hivyo aliwaambia kwamba Bwana wanayemtumikia ni Kristo, na kwamba kazi ifanywayo pale tu macho ya bosi yanapotazama haitoshi.

Juma hili tutakaa na Bezaleli, fundi aliyejenga hema ya kukutania jangwani. Katika maagizo aliyopewa limo moja ambalo msomaji hulipita haraka: dhahabu ya sanduku la agano iwe ndani kama ilivyo nje. Agizo hilo lina neno kwa kila mtu mwenye kazi.

JUMAPILI
Fundi Aliyejazwa Roho

Soma Kutoka 31:1–11 na 35:30–35. Mungu alimpa Bezaleli nini, na alimpa kwa ajili ya kazi gani?

Tukisikia kwamba mtu amejazwa Roho wa Mungu, mara nyingi tunamfikiria mhubiri aliye mimbarani. Lakini hapa anayetajwa ni mtu wa kukata mbao, kufua dhahabu na shaba, na kuchonga vito. Hata kabla yake, katika Kutoka 28:3, mafundi wa kushona mavazi ya Haruni wametajwa kuwa wamejazwa roho ya hekima. Na katika Kutoka 35:25, 26 wanawake waliosokota nyuzi wanahesabiwa pamoja nao. Neno la Kiebrania linalotumika kwa ustadi wa mafundi hawa, hokma, ndilo linalotumika kwa hekima ya mfalme Sulemani. Biblia haikuweka hekima ya mikono katika daraja la chini.

Angalia jambo jingine katika Kutoka 35:34. Bezaleli na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha. Mafundi wengi wa kwetu hawakupita chuo. Walijifunza kwa kushika ubao upande wa pili wakati fundi mkuu anakata, kwa kuchanganya udongo, kwa kutafuta sindano iliyoanguka. Yuko fundi anayemfunulia mwanafunzi wake kila kitu, na yuko anayeficha siri ya kazi ili asije akapata mshindani. Aliyepewa ujuzi na Roho hakupewa ili aufungie kabatini.

Je, umewahi kumwomba Roho Mtakatifu akusaidie katika kazi ya mikono yako kama unavyomwomba akusaidie unapohubiri au kuimba? Eleza kwa nini.

JUMATATU
Dhahabu Isiyoonekana

Soma Kutoka 25:10–16 na Mwanzo 6:14. Ni maneno gani yanafanana katika agizo la sanduku na agizo la safina?

Sanduku la agano lilitengenezwa kwa mti wa mshita, ulio wa jamii moja na migunga tunayoijua katika nchi zetu kavu. Mti huu huvumilia jua na ukame, na mbao zake ni ngumu, haziliwi upesi na wadudu. Urefu wake ulikuwa dhiraa mbili na nusu, upana na kimo dhiraa moja na nusu. Kisha likaja agizo la kulifunika kwa dhahabu safi, ndani na nje.

Nani angeiona dhahabu ya ndani? Sanduku liliwekwa Patakatifu pa Patakatifu. Aliyeingia humo ni kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, naye hakwenda kufunua kifuniko. Hata hivyo Mungu hakumwambia Bezaleli apunguze gharama upande usioonekana.

Nuhu naye aliagizwa kuipaka safina lami ndani na nje. Mafundi wa majahazi wa Lamu na Zanzibar wanaelewa sababu yake. Wao hukalafati chombo: hushindilia pamba yenye mafuta katika nafasi zilizo kati ya mbao ili maji yasipenye. Jahazi likishashushwa, hakuna abiria anayeiona kazi hiyo. Bahari ndiyo inayoikagua.

Mtaani kwetu nilipokuwa mdogo palikuwa na mzee seremala aliyepiga randa hata upande wa chini wa meza. Kijana aliyekuwa akijifunza kwake alimwuliza, “Mzee, huku chini nani atapaona?” Mzee hakuacha kupiga randa. Alimjibu, “Mwanangu, meza hii inakwenda kwenye nyumba yenye watoto. Mtoto hutambaa chini ya meza.”

Jibu lile limekaa nami miaka mingi. Mzee hakuzungumzia sifa ya kazi yake. Alimfikiria mtoto ambaye angeingiwa na kibanzi mkononi, mtoto asiyemjua. Upande usioonekana una mtu wake, na mara nyingi ni mtu dhaifu kuliko mteja aliyelipa.

Ni sehemu gani ya kazi yako ambayo hakuna anayeikagua? Ikifanywa vibaya, nani ataumia?

JUMANNE
Shule ya Mnana

Soma Ayubu 12:7–10 na Mithali 6:6–8. Kwa nini Mungu huwatuma wanadamu wakajifunze kwa viumbe wadogo?

Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu. Nasi tunaweza kutumana kwa mnana, yule ndege wa manjano mwenye kelele anayetundika viota vyake kwenye migunga, minazi na matete ya kando ya maji. Dume ndiye mjenzi. Huchana nyuzi ndefu za majani mabichi, hufunga ya kwanza kwenye kijiti, kisha husuka kwa mdomo na miguu hadi kiota kinapata umbo la kibuyu kilichoning'inia, mlango wake ukiwa chini. Hana gundi wala msumari.

Kiota kikiisha, jike huja kukikagua. Huingia ndani. Asipokikubali, mara nyingi dume hukibomoa na kusuka kingine, uzi kwa uzi. Ukisimama chini ya mti wenye viota vingi, utaona majani makavu yaliyotupwa chini na viota vya kijani vipya juu.

Mnana hufanya hivyo kwa jinsi alivyoumbwa. Sisi tunapaswa kuchagua. Mara ngapi mshono umepinda, nasi tukatafuta maneno ya kumridhisha mteja badala ya kuufumua? Kufumua kunaumiza, kwa kuwa muda umekwenda na uzi umepotea. Lakini mara nyingine unyofu wa moyo unaonekana katika kitendo hicho tu: kukubali kwamba kazi haikufaa, na kuianza upya bila kumlipisha mtu mwingine.

Yesu alisema Baba hulisha ndege wa angani (Mathayo 6:26). Huwalisha, lakini viota husuka wenyewe. Neema ya Mungu haijawahi kuwa kibali cha uzembe.

Ni kazi gani mkononi mwako sasa inayohitaji kufumuliwa na kuanzwa upya?

JUMATANO
Mabaki ya Mteja

Soma Kutoka 36:2–7 na 38:24–28. Mafundi walifanya nini walipoona vifaa vimezidi? Kwa nini hesabu ya fedha iliandikwa kwa makini kiasi hiki?

Watu walileta sadaka kila asubuhi. Vifaa vilipozidi, mafundi waliacha kazi, wakamwendea Musa, wakamweleza kwamba vilivyoletwa vinatosha na kuzidi. Musa akaamuru watu wazuiwe wasilete tena. Fikiri juu ya nafasi waliyokuwa nayo mafundi hawa. Wao peke yao ndio waliojua kiasi kinachohitajika. Wangenyamaza, nani angewashitaki?

Hesabu ya fedha nayo inafundisha. Wanaume 603,550 walitoa kila mmoja nusu shekeli, tajiri na maskini sawasawa. Zilipatikana talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta 100 zilitengeneza vitako 100, talanta moja kwa kila kitako, vya kusimamishia mbao za hema na nguzo za pazia. Na zile shekeli 1,775 zilizosalia? Nazo zimeandikwa zilikokwenda: zilitumika kwa kulabu, vichwa na vitanzi vya nguzo. Hakuna salio lililopotea njiani.

Hapa ndipo mafundi wengi wa leo wanapojaribiwa. Mama akileta mita nne za kitambaa, hajui kama gauni lake linahitaji mita tatu. Mwenye nyumba hajui ni mifuko mingapi ya saruji imeingia ukutani na mingapi imetoka kwa mlango wa nyuma. Ufa wa mbao huzibwa kwa gundi na vumbi la randa, rangi ikapita juu, na mnunuzi akaondoka akitabasamu. Ukuta hausemi siku ya kwanza.

Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Wauza sokoni si wao pekee wenye mizani. Futi ya fundi cherehani ni mizani, na koleo la mchanga katika mchanganyiko wa zege ni mizani pia. Tena yapo maisha juu yake: chini ya zege dhaifu hulala familia.

Mtu akikukabidhi kitu asichoweza kukikadiria mwenyewe, amekukabidhi nini zaidi ya kitu hicho?

ALHAMISI
Kuweka Chombo Chini

Soma Kutoka 31:12–17. Kwa nini Mungu aliweka amri ya Sabato mara tu baada ya kuwaita mafundi wa hema?

Utaratibu wa sura hii si wa bahati. Bezaleli ameitwa, vyombo vimetajwa, kazi ni ya Mungu mwenyewe. Na papo hapo Mungu anasema Sabato zake zishikwe. Katika Kutoka 35:1–3 Musa anarudia Sabato kabla ya kutaja sadaka na ujenzi. Ikiwa nyundo iliyojenga patakatifu ilipaswa kunyamaza siku ya saba, hakuna kazi ya kwetu iliyo takatifu kuliko hiyo.

Kwa fundi Mwadventista jambo hili lina gharama. Harusi ni Jumapili, na mteja anataka gauni au kabati Jumamosi mchana. Ukikataa, yupo fundi jirani atakayekubali. Tusiwaambie ndugu zetu kwamba mteja huyo atarudi tu. Wengine hawarudi, na mwezi huo ada ya shule huwa ngumu kupatikana. Anayeshika Sabato hafanyi biashara na Mungu ili alipwe zaidi. Anakiri kwamba mikono yake si chanzo cha uhai wake.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Sabato isitumike kufunika uchelewaji wa Jumatatu hadi Alhamisi. Amri ya nne inataja pia siku sita za kutenda kazi. Fundi anayejua kwamba jua la Ijumaa litazama asihaidi asichoweza, amweleze mteja mapema, na aamke mapema. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Mteja aliyepewa kazi safi siku ya Alhamisi ataiheshimu Sabato ya fundi wake kuliko yule aliyehubiriwa Ijumaa jioni huku kabati halina milango.

Kanisa lenu linaweza kumsaidiaje mshiriki anayepoteza wateja kwa ajili ya Sabato?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Katika Marko 6:3 watu wa Nazareti walimwita Yesu seremala. Neno la Kiyunani, tekton, humhusu fundi wa mbao na wa ujenzi. Yustino Mfiadini, mwandishi Mkristo wa karne ya 2, aliandika kwamba Yesu alitengeneza plau na nira. Ellen White, akieleza utoto wa Yesu, anasema kwamba ukamilifu wake katika tabia ulionekana pia katika namna alivyotumia vyombo vya kazi.

Wakulima wanaolima kwa ng'ombe wanajua kwamba nira iliyochongwa vibaya humchubua mnyama shingoni, na jeraha lake huonekana baadaye, jioni, nira ikivuliwa. Aliyesema katika Mathayo 11:30 kwamba nira yake ni laini alikuwa mtu wa useremala. Neno lililotafsiriwa “laini” hubeba pia maana ya kitu chema, kinachofaa. Yeye huichonga nira kwa kuijua shingo itakayoibeba. Na moyo wetu, ambao hakuna mwanadamu awezaye kuufungua na kuukagua, yeye haupaki rangi kwa nje tu. Anataka dhahabu ndani.

Maswali ya Kujadili:

1. Wapo katika kundi lenu mafundi, wakulima, walimu, akina mama wa nyumbani. Kila mmoja aeleze upande wa kazi yake ambao watu hawauoni, na jinsi anavyojaribiwa pale.

2. Tajiri anamwagiza fundi ajenge kwa vifaa hafifu ili aokoe fedha, na watakaokaa humo ni wapangaji. Fundi Mkristo afanye nini ikiwa hana kazi nyingine?

3. Kuna hatari gani ya kufanya kazi vizuri ili tu tusifiwe kuwa Waadventista hodari? Tutajuaje tofauti?

4. Mtajeni kijana mmoja wa kanisani kwenu anayehitaji kufundishwa kazi. Nani kati yenu ataanza naye Jumapili?