Michezo ya Video ya Kutumia Mwili: Je, Yatosha Kuwa Mazoezi?

Mkulima wa Karagwe anayepanda kilima asubuhi na jembe begani, akapalilia migomba na mibuni hadi mchana, kisha akarudi nyumbani na mkungu wa ndizi kichwani, amekwisha kufanya mazoezi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wautumikishe mwili kwa kiasi cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na kazi ya shamba huhesabiwa humo. Hata hivyo, si kila mkazi wa Karagwe na Kyerwa hushika jembe. Mwenye duka wa Kayanga, karani wa halmashauri, dereva wa bodaboda na mwanafunzi wa bweni hukaa sehemu kubwa ya siku. Yuko pia aliyekuwa mkulima hodari hadi kiharusi kilipompooza upande mmoja. Tena Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, leo ina watu wengi wanaozeeka wakitumia dawa za kufubaza virusi, nao hukabiliwa na shinikizo la damu na kisukari kama wazee wengine.

Kwa watu wa namna hii, baadhi ya wataalamu hupendekeza michezo ya video ya kutumia mwili. Isichanganywe na ile ya vibanda vya gemu vya mijini, ambako vijana hucheza mpira kwenye runinga: wachezaji wa kwenye kioo ndio wanaokimbia, mwenye kucheza amekaa. Katika michezo inayozungumzwa hapa, mwili wenyewe ndio unaoongoza mchezo. Dance Dance Revolution, uliotoka Japani mwaka 1998, humtaka mchezaji akanyage alama kwa kufuata muziki. Mwaka 2006 ilikuja Nintendo Wii, yenye rimoti inayohisi mwendo wa mkono, na mwaka 2010 Kinect ya Microsoft, ambayo kamera yake huusoma mwili mzima.

Je, nguvu inayotumika yatosha? Wataalamu huipima kwa kizio kiitwacho MET: mtu aliyekaa kimya hutumia 1, na kazi ya wastani huanzia 3. Jedwali la kimataifa la shughuli za mwili la mwaka 2011 liliipa michezo ya Wii ya mizani na yoga 2.3, ile ya juhudi ya wastani 3.8, na michezo ya juhudi kubwa, kama kucheza dansi, 7.2. Kutembea kwa haraka kwenye ardhi tambarare kulipewa 4.3. Kwa hiyo jina la mchezo halitoshi. Mhudumu wa afya amtazame mgonjwa anavyohema. Anayefanya kazi ya wastani huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Akiweza kuimba, bado hajafika.

Kwa watoto matokeo yanavunja moyo kidogo. Utafiti uliofanyika Houston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012, uliwapa watoto wa miaka 9 hadi 12 michezo hiyo kwa wiki 13. Vipimo vilivyovaliwa mwilini havikuonyesha kwamba walijishughulisha kuliko wenzao waliopewa michezo ya kukaa. Mzazi wa Kyerwa asiyemudu kifaa hicho, basi, hana sababu ya kujilaumu: rede, kombolela na kuruka kamba humtoa mtoto jasho bila umeme.

Kwa mgonjwa wa kiharusi hali ni tofauti. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyokusanya majaribio 72 yenye washiriki 2,470, yaliona kwamba michezo ya namna hii haishindi tiba ya kawaida ya viungo katika kurudisha nguvu za mkono. Ilipoongezwa juu ya tiba hiyo, muda wa mazoezi ukarefuka, ilionekana kusaidia. Mgonjwa anayeishi mbali na mtaalamu wa fiziotherapia asielezwe, basi, kwamba mchezo utachukua nafasi ya kliniki. Faida yake ni marudio, na marudio huweza kupatikana pia kwa kunyanyua kikombe, kukunja nguo na kupukuchua mahindi kwa mkono uliodhoofika, kila siku.

Madhara yapo. Mwaka 2007 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha daktari wa miaka 29 aliyeamka na maumivu makali ya bega baada ya kucheza tenisi ya Wii kwa saa kadhaa. Bega lilipona, kuanguka kwa mgonjwa wa kiharusi ni jambo zito zaidi. Nyasi au mkeka uliotandikwa sakafuni uondolewe, kiti imara kiwe karibu, na ndugu asimame upande uliopooza. Mwenye kisukari avae viatu na akague nyayo baadaye. Anayetumia insulini au glibenklamaidi awe na sukari au juisi karibu, kwa kuwa kutetemeka na jasho baridi huweza kuwa dalili za sukari kushuka. Shinikizo la damu likifika 180/110 kabla ya kuanza, mazoezi yangoje na mgonjwa apelekwe kituoni. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda au maneno kukwama havingojwi hata dakika moja.

Mgonjwa anayeanza aanze na dakika 5 hadi 10, mara mbili kwa siku, aongeze kidogo kila wiki, na dakika hizo ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki pamoja na vipimo vya shinikizo.