PLASMIDI: PETE NDOGO INAYOSHINDA DAWA



Sisi wa darasa la sita biyoloji-kimia tulifundishwa juu ya plasmidi, tukaona si jambo la kitabu tu. Mwishoni mwa 1979 kuhara damu kulianza mashariki ya Zaire, kukafika Rwanda na Burundi. Kijidudu chake ni Shigella dysenteriae. Ampisilini na tetrasiklini hazikukiweza tena. Wataalamu walipochunguza, wakakuta plasmidi.

Plasmidi ni nini? Ni pete ndogo ya ADN ndani ya bakteria, nje ya kromosomu. Inaweza kubeba jeni za kushinda dawa nyingi kwa mara moja.

Inajinakili namna gani? Tushike mambo manne:

1. Mahali pa kuanzia. Pasipokuwapo, hakuna nakala.

2. Hesabu. Plasmidi F ina nakala 1 au 2 tu kwa kila kromosomu. ColE1 ina karibu 15. Kila plasmidi inajizuia yenyewe, maana zikizidi zinamchosha mwenyeji.

3. Kutopatana. Plasmidi mbili zenye kizuizi kimoja hazikai pamoja. Bakteria zikiendelea kugawanyika, moja inapotea.

4. Mwenyeji. Hapa tufikiri vizuri. Kuko mgeni anayekuja mikono mitupu: anapika tu kama nyumba ina sufuria inayomfaa. Ndiyo ColE1: inategemea enzimu za mwenyeji, basi inaishi katika Escherichia coli na jamaa zake tu. Mgeni mwingine anabeba sufuria yake. Ndiyo RSF1010: ina protini zake 3 za kuanzisha nakala, kwa hiyo inaishi katika bakteria za namna nyingi.

Sasa hatari iko wapi? Escherichia coli iko tumboni mwetu sote, bila ugonjwa. Lakini inaweza kumpa Shigella plasmidi yake. Wajapani waliliona hilo tangu 1959. Tukinunua vidonge viwili vitatu sokoni Kadutu, tukameza na kuacha, tunaua bakteria dhaifu, zenye plasmidi zinabaki na kuongezeka. Siku mdogo wetu anahara damu, dawa haifanyi kitu.

Basi, ndugu, hata katika internati tusigawane vidonge. Tumeze kama muganga alivyoandika, mpaka mwisho, na tunawe mikono kwa sabuni. Mwili ni hekalu. Tuulinde pamoja na wa jirani.