Kasi na Ufunguo: Somo Fupi la Kuunganisha Nyimbo za Tekno

Tekno ilizaliwa Detroit, Marekani, katika miaka ya 1980, mikononi mwa vijana kama Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Nyimbo zake nyingi huanza na kuisha kwa ngoma tupu, ili DJ apate nafasi ya kuingiza wimbo mwingine bila wachezaji kusimama. Somo hili linaeleza mambo mawili yanayoongoza kazi hiyo, na mahali yanapogongana.

1. Kasi

Kasi huhesabiwa kwa mapigo kwa dakika. Tuseme wimbo unaosikika una mapigo 130, na unaofuata una 126. Gawa 130 kwa 126: wimbo wa pili lazima uongezwe kasi kwa asilimia 3,2 hivi. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2, iliyotoka mwaka 1979, ina kitelezi kinachoongeza au kupunguza hadi asilimia 8.

Kasi kulingana haitoshi. Mapigo ya tekno huenda manne manne, na mafungu hayo hujikusanya kwa 8, 16 au 32. Wimbo mpya uanze pale kundi jipya linapoanza. La sivyo ni sawa na mtu anayedakia mazungumzo katikati ya sentensi.

2. Ufunguo

Ufunguo ni sauti ambayo wimbo huiona kuwa nyumbani kwake, pamoja na ngazi yake: meja au maina. Ma-DJ hutumia duara linalofanana na saa, lenye namba 1 hadi 12. Herufi A ni ya maina, B ni ya meja. La maina ni 8A. Majirani zake ni Re maina (7A), Mi maina (9A) na Do meja (8B). Kutoka 8A unaweza kwenda kwa yeyote kati ya hao watatu, na besi hazitagombana.

3. Mgongano

Hapa wanaoanza hukosea. Santuri ikizunguka haraka zaidi, sauti yake nayo hupanda. Ongezeko la asilimia 6 hivi hupandisha wimbo nusutoni nzima. Kwa hiyo, ule wimbo wetu wa mapigo 126, kama ni wa Mi maina, ukifika 130 hauko tena Mi wala haujafika Fa: umekwama katikati. Karatasi inasema 9A, sikio linakataa.

Kinyume chake pia ni kweli. Chukua santuri ya La bemoli maina (1A) yenye mapigo 123. Kwa namba, haipatani na 8A. Lakini kuifikisha 130 kunahitaji asilimia 5,7, yaani karibu nusutoni, nayo hupanda hadi La maina. Adui amekuwa ndugu.

Vifaa vingi vya kidijitali vina kitufe kinachoshikilia ufunguo kasi inapobadilika. Ukikibonyeza, namba za duara hubaki zilivyo. Ukikisahau, fanya hesabu.

4. Sikio ndilo hakimu

Programu zinazotaja ufunguo hukosea mara kwa mara, hasa katika tekno yenye ngoma nyingi na sauti chache za kuimbika. Kwa hiyo, kabla ya kufungua wimbo kwa umma, sikiliza besi zote mbili kwa vipokea sauti vya masikioni. Zikinguruma vibaya, punguza besi ya mmoja hadi mwingine utoke, au ungojea sehemu ya ngoma tupu.

Zoezi

Santuri ya Re maina (7A) ina mapigo 132. Unaipeleka hadi 140 bila kushikilia ufunguo. Itafika ufunguo gani?

*Jibu:* 140 kwa 132 ni ongezeko la asilimia 6,1, yaani nusutoni moja. Re maina inakuwa Mi bemoli maina, 2A. Tafuta mwenzake katika 1A, 2A, 3A au 2B, wala si jirani ya 7A.